Marahaba Marufuku Relini

Ilikuwapo nchi, na bado ipo, maana nchi hata ikichoka haina pa kukimbilia. Jina lake nalijua lakini silitaji. Si kwa woga. Woga ni kidogo tu; sehemu kubwa ni adabu.

Katika nchi hiyo mna mtaa uitwao Mkato, na katika Mkato nimo mimi, Fundi Machano, mshona viatu. Kibanda changu kiko kando ya reli, pale watu wanapokata njia kutoka majumbani kwenda sokoni. Kwa kazi yangu hukaa chini, kwa hiyo binadamu namjua kuanzia chini kwenda juu: kwanza soli, halafu kisigino, uso mwisho kabisa. Nawaambia mapema, msije mkashangaa nikianza kumsifu mtu kwa ndara zake.

Reli yenyewe ni neema. Serikali ilituletea treni mpya, nyeupe, yenye kasi, isiyo na moshi. Mwanzoni ilikuwa na honi. Lakini siku moja honi ile ilimshtua mke wa balozi aliyekuwa akinywa chai katika Nyumba ya Wageni wa Taifa, chai ikammwagikia mapajani, na nchi ikaaibika. Honi ikang'olewa. Ikaonekana vilevile kwamba magurudumu nayo yananung'unika, yakapakwa mafuta mazuri ya kutoka nje. Sasa treni yetu haisikiki mpaka imekwisha kupita. Wataalamu walikuja kuistaajabia, wakasema hawajapata kuona kitu kizito namna ile kikienda kimya namna ile.

Watu wa Mkato tukaanza kupungua.

*

Serikali yetu si kiziwi, hata kama treni yake ni bubu. Iliunda Wizara ya Usalama wa Waendao kwa Miguu, na juu yake ikamweka Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kongoti, ambaye kwa ushahidi wa soli zake hajakwenda kwa miguu tangu aache kutambaa. Siku ya uzinduzi alishuka garini, zulia likatandikwa juu ya kokoto za reli, na viatu vyake nikaviona kwa karibu. Chini vilikuwa vipya sawa na juu.

"Ndugu wananchi," akahutubia, "usalama ni hali ya kuwa salama. Kinyume chake ni hali ya kutokuwa salama, ambayo Serikali haiitaki, haijaiagiza, na wala haijaipokea!"

Tukapiga makofi. Kisha akafunua kibao. Kilikuwa kibao cha haja, maandishi ya dhahabu, madogomadogo ya kupendeza: *Mwenda kwa miguu mpendwa, kabla hujasimama juu ya reli, tafakari kwa utulivu faida na hasara za kusimama juu ya reli.* Na ili kila mtu akisome vizuri, kilisimikwa katikati ya vyuma viwili, hivi kwamba msomaji ilimpasa asimame papo hapo, atafakari. Mtaani kwetu waliopenda kusoma walikuwa walimu wawili wa shule ya msingi. Wakakisoma. Hatunao tena.

Sisi wengine tulipona kwa sababu vibao havitusimamishi. Kibao hakina mdomo. Lakini msalimie mtu wa Mkato uone! Akiwa na mzigo kichwani ataushusha. Atageuka, maana kwetu hakuna kuitikia salamu ukiwa umempa mtu kisogo. Atakujibu hali yake, ya nyumbani, ya watoto, ya mgonjwa, ya mvua na ya kuku, kisha na yeye atakuuliza zako zote tangu mwanzo. Kuna jirani yangu alisalimiwa nyumba yake ikiwaka. Akasimama, akajibu, "Salama tu, ila moto kidogo."

Kupita bila kuitikia ni jambo ambalo kwetu hufanyiwa mtu mmoja tu, nalo ni jambo zito. Mzazi wa Mkato akimkana mtoto hapigi kelele wala haiti watu. Mtoto humwamkia, naye hunyamaza. Humwamkia tena, hunyamaza. Mara ya tatu mzazi akiwa kimya bado, imekwisha: mtoto huyo hana kwao, na hatamwamkia tena maisha yake yote. Nimeshuhudia mara moja, utotoni, na sitaki kuona tena.

Waziri alipoulizwa na watu wa magazeti kuhusu waliokufa pale, alishangaa kwa dhati.

"Hakuna aliyekufa. Treni haijamgonga mtu. Watu ndio wanaoigonga treni."

Tukafikiri, tukaona kumbe ni kweli, treni huwa imekuja zake tu. Wizara ikaagiza kwamba wale tusiowaona tena wasiitwe marehemu. Waitwe Waliovuka. Hivyo idadi ya vifo ikawa sifuri hata kabla kazi haijaanza, jambo ambalo nchi nyingi tajiri zimeshindwa.

*

Mama Sikudhani aliuza mihogo ya kuchemsha na chachandu sokoni. Alikuwa na mtoto mmoja, huyo Sikudhani mwenyewe, msichana mkubwa aliyekuwa akijifunza cherehani ng'ambo ya reli. Alikuwa mwenye adabu, lakini si mpole. Kila apitapo kibandani kwangu aliniamkia, kisha akaniuliza:

"Fundi, viatu vyangu vitakuwa tayari lini?"

"Kesho, mwanangu."

"Kesho ya mwaka gani?"

Akacheka akapita. Nilimpenda binti yule, nami sina mtoto.

Siku ile alivuka saa sita, jua la utosi, amembebea mama yake bakuli la chachandu. Alikuwa ameshaniamkia. Niliinama kutia uzi kwenye sindano. Nilipoinua uso, reli ilikuwa tupu, upepo unatulia, na kandambili moja iko katikati ya njia, imekaa sawasawa, kana kwamba mwenyewe ameivua mlangoni.

Wizara ilifika haraka sana, kuitazama treni, kwa kuwa ilikuwa imebonyea mbele. Kisha Afisa Tindwa, mwakilishi wa Wizara mtaani kwetu, mtu mstaarabu mwenye kikohozi kisichokwisha, akaenda msibani. Akavua kofia. Akampa mama pole. Akakohoa, akamwambia kwamba Wizara inamtaka aiombe radhi treni.

"Niiombe radhi?"

"Ndiyo, mama. Ni utaratibu mpya. Ni maneno mawili tu."

"Mwanangu hata hatujamzika, baba."

"Ndiyo maana ni mawili, mama. Mwanzo ilikuwa hotuba nzima. Nimekupigania."

Wakampeleka. Treni ikasimama Mkato kwa mara ya kwanza tangu iletwe nchini, ili iombwe radhi. Mama Sikudhani akaweka kiganja pale ilipobonyea, akakaa hivyo muda mrefu, akipapasa lile bonyeo polepole. Hakusema neno. Afisa Tindwa akatangaza kwamba radhi imepokelewa. Nilikuwa karibu, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

*

Haukupita mwezi. Mchana mmoja Mzee Ndauka, muuza mkaa, alikuwa anakuja na gunia kichwani, macho chini, anaelekea relini moja kwa moja.

"Shikamoo, babu," ikasema sauti nyuma yake.

Mzee akasimama. Akatua gunia, akageuka, akajifuta jasho.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo, babu. Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Bibi hajambo?"

"Hajambo, ila magoti tu."

"Na mkaa?"

"Mkaa nao hivyohivyo, tunamshukuru Mungu..."

Treni ikapita nyuma yake. Gunia likayumba kwa upepo wake. Mzee akabaki anatazama mbele, na mbele yake nilikuwapo mimi peke yangu, na mimi sauti yangu si ya msichana.

"Fundi," akaniuliza taratibu, "nani kaniamkia?"

"Sijaona mtu, mzee."

"Lakini umesikia?"

"Nimesikia."

Akakaa chini juu ya mkaa wake, hakuvuka mpaka alasiri.

Baada ya hapo ikawa kila siku. Wanafunzi wakiwa wanakimbilia ng'ambo walisikia nyuma yao, "Hamjambo, watoto?" nao wote wakasimama wima, wakageuka wakaitikia kwa pamoja, "Hatujambo, shikamoo mwalimu!" na treni ikapita migongoni mwao. Vijana waliitwa na kijana mwenzao, "Niaje, mwanangu?" Wachuuzi waliulizwa habari za biashara. Hakuna aliyeonekana, na hakuna aliyegongwa. Wale wote waliovuka mbele yetu walikuwa wamerudi kusimama kando ya njia, wakitufanyia kile ambacho kibao cha dhahabu hakikuweza.

Msidhani tulizoea. Kila saa sita nywele zilinisimama, na mara nyingi nilisikia kokoto zikikanyagwa na miguu ambayo sikuiona viatu vyake. Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni jambo la kutisha kuliko yote.

Mama Sikudhani alikuwa hajatoka tangu matanga. Alipotoka, na beseni la mihogo kichwani, alifika relini akiwa haangalii kushoto wala kulia, na sina hakika kama alitaka kuangalia.

"Shikamoo, mama."

Beseni lilianguka. Mihogo ikatapakaa hadi miguuni kwangu. Mama akageuka polepole sana.

"Marahaba, mwanangu."

"Hujambo, mama?"

"Si... sijambo. Uko wapi, Sikudhani?"

"Salama."

"Umekula?"

"Salama, mama."

"Uliumia sana?"

"Salama."

Hivyo ndivyo ilivyo. Wale wa upande ule hawana lugha nyingine waliyobaki nayo ila ya salamu, na kwenye salamu hakuna nafasi ya kueleza yaliyokupata. Mama akaielewa hali hiyo kabla yetu, akaridhika nayo. Kila mchana akaja, akaamkiwa, akaulizwa habari za soko, akajibu. Uso ulioanza kuwa wa mtu mwingine ukaanza kurudi kuwa wake.

*

Habari zikamfikia Waziri kwamba Mkato watu hawavuki tena kwa njia ile ya kudumu. Akaitisha mkutano, akasema ni matunda ya kibao. Akakipa kibao nishani. Ujumbe kutoka nchi jirani ukaja kujifunza, watu wenye kofia nyeupe na madaftari, na kiongozi wao akaambiwa asogee relini ajionee.

"Karibu, mgeni," ikasema sauti nzito yenye utaratibu, nyuma yake. "Habari za safari?"

Mgeni akageuka. Akageuka tena upande mwingine.

"Nani huyu?"

"Mfumo," akajibu Waziri bila kupepesa.

"Mfumo gani unaouliza habari za safari?"

"Mfumo wa kisasa."

Ndipo mwanamke mmoja katika umati, kwa fahari tu, bila nia mbaya, akapaza sauti: "Huyo ni marehemu mwalimu wetu, bwana! Ndivyo alivyokuwa, hakuacha mgeni apite!"

Neno *marehemu* likaanguka katikati ya wageni kama sufuria jikoni. Mgeni akafungua daftari lake. Akauliza marehemu huyo alikufia wapi. Waziri akaanza kucheka, akacheka mpaka wageni wakaingizwa magarini.

Siku iliyofuata ikatoka Amri ya Utulivu. Afisa Tindwa alitusomea kwa kipaza sauti: "Ni marufuku kwa mtu yeyote aliyepo kumwitikia mtu yeyote asiyekuwapo, ndani ya eneo la reli. Atakayeitikia atahesabiwa kwamba amekiri kuna aliyekufa. Na hakuna aliyekufa." Akakohoa. Kisha akatugawia pamba za kuziba masikio, bure kabisa, kwa hisani ya Wizara. Pamba zilikuwa safi na laini. Serikali ikitaka kufanya jambo, hulifanya.

Mzee Ndauka alizitia zake mbele ya Afisa, kwa heshima, akajitwika gunia lake. Nilisikia sauti ya msichana nyuma yake. "Shikamoo, babu. Shikamoo, babu." Nami nikapiga kelele, nikarusha nyundo, nikarusha kiatu cha mtu. Mzee hakugeuka.

Kesho yake, nyuma ya mchuuzi wa nyanya, nilisikia sauti ya Mzee Ndauka ikiuliza habari za biashara, na mchuuzi akapita na pamba zake.

Watu wengi walivuka katika siku zile. Kando ya reli pakajaa salamu zisizojibiwa, nazo zikizidiana zilivuma kwa chini mpaka sindano ikanitoka mkononi. Ni mtu mmoja tu aliyekataa pamba.

"Baba Tindwa," Mama Sikudhani alisema, "mimi mtoto wangu akiniamkia nitaitika. Andika hivyo hivyo."

"Mama, utanitia matatani."

"Na wewe ukiamkiwa na mwanao?"

Afisa Tindwa akainamisha kichwa. Lakini alikuwa na kazi, na kazi ni kazi. Siku hiyohiyo mama akakamatwa akiwa katikati ya kuulizwa habari za soko.

*

Waziri aliamua kuisikiliza kesi yeye mwenyewe, papo hapo relini, ili dunia ione. Watu tukaitwa. Ili kuthibitisha kwamba hapana hatari yoyote, kiti chake chekundu kiliwekwa baina ya vyuma viwili, pembeni ya kibao chenye nishani, na umati tukaamriwa tumzunguke hapo hapo juu ya reli. Masikio yetu yalikaguliwa, tukatolewa pamba, ili tuwe mashahidi. Treni nayo, ambayo kwa kawaida huchelewa, ilikuwa imeagizwa iwahi, ije imchukue Waziri arudi mjini kabla chakula hakijapoa.

"Mama," akaanza Waziri, "unadai kuna mtu hapa."

"Sidai, mheshimiwa. Ananiamkia."

"Unataka nini kwa Serikali?"

Mama Sikudhani alikuwa amejitanda kanga ya matanga. Aliongea taratibu, akimtazama usoni.

"Nataka geti, baba. Geti, kengele, na mtu wa kulifunga treni ikija. Hivyo tu. Mkiweka geti, mwanangu hatakuwa na haja ya kusimama juani kila siku kuwalinda watoto wa watu. Atapumzika. Hata asiponiamkia tena nitajua amepumzika."

Umati ukaguna kwa kukubali, kisha ukanyamaza kwa kukumbuka.

"Mama yangu," Waziri akasema kwa huruma kubwa, "geti likifungwa, maana yake kuna hatari. Likifunguliwa, maana yake hatari imepita. Serikali haiwezi kukiri yote mawili kwa siku moja." Akageukia umati. "Sasa uamuzi. Saa sita ndiyo hii. Huyo msichana asiyekuwapo ataamkia, kama mnavyodai. Mama akinyamaza mara tatu, itakuwa imethibitika hapa hapana mtu, naye atarudi kwenye mihogo yake, na yaliyopita yamepita. Akiitikia, lori lile pale litampeleka ng'ambo ya milima, mahali pasipo reli, asisikie tena sauti yoyote. Amri nimekwisha kuitia sahihi. Mwenye kuifuta ni mimi peke yangu."

Kila mtu wa Mkato alielewa alichoombwa mama yule. Waziri hakuelewa, maana hakulelewa kwetu. Yeye alidhani anamwomba anyamaze. Sisi tulijua anamwambia amkane mwanawe mbele ya mtaa mzima, au ahame asimsikie tena. Nilitaka kusimama niseme. Miguu ilikataa, na ulimi ukaifuata miguu.

Kivuli cha kila mtu kikaingia chini ya nyayo zake.

"Shikamoo, mama."

Ilitoka nyuma yake, kando, nje ya reli. Mama akafumba macho. Akauma upindo wa kanga. Waziri akainua kidole kimoja, akatabasamu kwa wapiga picha.

"Shikamoo, mama."

Mara hii ilikuwa ya haraka. Nilimjua binti yule. Hakuwahi kuniamkia kwa haraka hata siku moja. Machozi yalikuwa yanamtiririka mama, mabega yanamtikisika, na bado hakugeuka. Mwanamke mmoja nyuma yangu akaanza kulia kwa sauti. Waziri akainua vidole viwili.

Nikadhani sauti haitakuja tena. Nikadhani mtoto amekwisha kuelewa, amekata tamaa, amekwenda.

"Mama," ikasema sauti, chini kabisa. "Shikamoo."

"Marahaba!" Mama Sikudhani akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa binadamu. "Marahaba, mwanangu! Marahaba, marahaba!" Akageuka mzimamzima, akaruka chuma, akaenda mikono mbele kuelekea kule kusikotoka kitu ila sauti. Na hapo wote wakaanza, wote waliokuwa wamenyimwa majibu: "Hamjambo, watoto?" "Niaje, mwanangu?" "Habari za mchana, jirani?" Kila mmoja alimwita wake. Umati ukasahau Amri, ukasahau picha, ukageuka. Watu walishuka relini wakisukumana, wakiitika huku wanalia, kila mtu anaifuata sauti ya mtu wake, na Afisa Tindwa nikamwona naye anakwenda, kofia mkononi, akisema, "Sijambo, bibi, sijambo."

Juu ya reli akabaki mmoja, kitini. Naye alisalimiwa. Niliisikia kwa masikio yangu sauti ya Mzee Ndauka, ya upole ileile: "Habari za kazi, bwana mkubwa?"

Lakini Waziri husalimiwa kwa vyeo vyake vyote, na kwa kupitia katibu. Bwana mkubwa si cheo. Hakujihesabu kwamba amesalimiwa. Aliinua vidole vitatu, akafungua kinywa, akasema, "Mmeona? Hapana ki..."

Treni iliwahi, kama ilivyoagizwa.

*

Hapa inanipasa niwe mwangalifu, kwa kuwa pale hafi mtu. Niseme kwamba Waziri alivuka. Wizara ilitangaza kwamba yuko safarini kikazi na atarejea wakati wowote, kwa hiyo nafasi yake haikujazwa. Gari lake bado linamngoja na dereva ndani.

Kiti chekundu kilipatikana mbali, kimevunjika mguu mmoja. Kilitengenezwa, kikarudishwa kando ya reli kwa heshima. Ili treni isije ikakidhuru tena, kimejengewa uzio wa chuma, geti zuri la rangi nyeupe na nyekundu, na kengele. Afisa Tindwa amepewa kazi ya kulifunga geti hilo kila treni ikikaribia. Hulifunga kwa wakati, kengele inalia, na kiti kiko salama kabisa. Sisi huvuka hapo pembeni.

Naye Waziri anarudi, saa sita, kama wengine. Tunajua yupo kwa sababu kuna mahali karibu na kiti ambapo joto hukatika ghafla, na mtu huhisi kitu kikubwa kimesimama kinangoja. Yeye hasalimii. Anangoja asalimiwe. Afisa Tindwa humpa vyeo vyote, tangu Mheshimiwa hadi mwisho, na vyeo ni virefu, nasi husimama kwa adabu tukivingoja, na treni huwa imepita kabla havijaisha. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Waziri hajachangia usalama wa waendao kwa miguu.

Ile amri ya lori haikufutwa. Watu walikwenda kuomba, nami nikiwamo safari hii, nimeipata miguu yangu. Tukajibiwa vizuri sana: mwenye kuifuta ni Waziri peke yake, na Waziri yuko safarini. Kama angekuwa amekufa, wakatuambia, mwingine angeweza kuifuta. Mama Sikudhani alipandishwa na beseni lake. Hakupigana. Aliwaambia wanawake wa Mkato waliomzunguka, "Msimwache bila marahaba, tafadhalini," kisha lori likaondoka.

Hawajamwacha. Kila mama apitaye reli akisikia "Shikamoo, mama," hutua mzigo, hugeuka, huitikia. Pamba hazipo tena. Amri ya Utulivu bado ipo, ila Afisa Tindwa huwa anakohoa wakati huo na hasikii.

Lakini hao si mama yake, na mtoto anajua.

Jana mchana nilikuwa natoboa soli. Hapakuwa na mtu njiani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mgongo?"

"Unajivuta."

Kokoto zikalia hapo mbele yangu, karibu sana, kama za mtu aliyechuchumaa.

"Mama hajambo?"

Sisi hatuna habari za mama yake. Lori lilirudi tupu, na dereva akiulizwa husema tu kwamba barabara ilikuwa nzuri. Hatujui kama alifika, alishushiwa wapi, anakula nini, au kama bado yu hai. Hilo ndilo lililokuwa jibu. Lakini mtu akiuliza hali ya mzazi wake, kwetu humwambii hujui.

"Hajambo, mwanangu," nikasema. "Hajambo kabisa. Salama salimini."

"Nisalimie sana."

Nilikuwa nalia, wala sioni haya kuwaambia. Soli ilikuwa imeniponyoka, sikuiokota.

"Zimefika," nikamjibu.